Dawa Iliyokwenda na Ng'ombe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili iwe ya zile siku nilizopiga simu mbiombio nikakata kabla hujamaliza kuniitikia. Goti lako la kushoto linasemaje na baridi ya huko juu Mpale? Maharage mmeshapalilia? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, bado anaingia jikoni kama mwenye nyumba? Mimi mwili ni mzima, nakula na kushiba. Huku nyika ya Handeni mvua imetukimbia, vumbi linaingia mpaka kwenye chai, na wafugaji wanahangaika na mifugo yao kutafuta maji. Kwa upande wa afya sina la kulalamika.

Utajiuliza mbona naandika na simu ninayo. Kwenye simu, mama, utaniambia "yameisha, mwanangu" kabla sijafika nusu, nami nitakubali upesi kwa sababu napenda yaishe. Safari hii sitaki yaishe upesi. Nimeandika kwa herufi kubwa ili uisome mwenyewe polepole, kama ulivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima. Nina aibu, mama. Nimeianza barua hii mara nne, na mara zote nne nilijikuta nasimulia habari za hali ya hewa.

Unajua kazi yangu ilibadilika baada ya msiba wa baba. Sikai tena dirishani kugawa vidonge. Nimepewa wagonjwa wa majumbani, wale ambao hospitali imesema haina tena la kuwafanyia, wakarudishwa kwao. Nawafuata kwa bodaboda, mkoba begani. Siponyi mtu. Nasafisha vidonda, nauliza kama mgonjwa anapata choo, nawafundisha watu wa nyumbani kumgeuza ili mgongo usichubuke. Kubwa kuliko yote, napeleka mofini, ile dawa ya maji ya maumivu makali ambayo baba naye alikuwa akiinywa. Ni dawa inayolindwa sana. Tunaisaini tunapoichukua, tunarudisha chupa tupu, na kila anayeipokea tunampa onyo. Mimi kwenye kuonya nilikuwa hodari. Watu walikuwa wakiniogopa, na nilipenda waniogope.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda kwenye boma moja la wafugaji, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Kwamsisi. Mgonjwa alikuwa Bibi Naishiye, mjane, mwenye saratani ya titi. Alikuwa akikaa na mwanawe mkubwa, Toima, na mke wa Toima anayeitwa Nasieku. Kule mgeni huzungumza na wanaume kwanza, nami nikashukuru, kwa kuwa Toima amesoma mpaka darasa la saba na mimi nilikuwa na haraka zangu. Nikakaa naye kwenye vigoda. Nasieku alikuwa amesimama mlangoni, nikamtuma maji ya kunawa. Aliporudi alibaki palepale na dumu lake mkononi. Sikumwambia akae.

Nikamwonyesha Toima lile bomba lisilo na sindano, jinsi ya kuvuta dawa mpaka mstari wa tatu, kila baada ya saa nne. Nikamfanya arudie mara tatu, hakukosea hata moja. Kisha nikamkazia macho nikamwambia, "Dawa hii ni yako wewe. Usimwachie mtu yeyote, mkubwa wala mdogo. Ikipotea, nitakuuliza wewe." Akainamisha kichwa kama mtu anayekula kiapo. Njiani nilimwambia dereva wa bodaboda kwamba laiti ndugu wa wagonjwa wote wangekuwa wasikivu kama yule.

Nilirudi siku ya tisa. Pikipiki ilipozimwa tu, nikamsikia bibi. Alikuwa amejikunja juu ya ngozi, ameng'ata kona ya shuka, midomo imempasuka. Nasieku alikuwa amekaa nyuma yake, amemshika mabega. Sikuuliza kitu. Nilianza kufoka papo hapo, mbele ya majirani waliokuja kutazama. "Wewe mwanamke una roho gani? Dawa nimeileta mwenyewe kwa mkono wangu, na wewe unamwangalia mama mkwe wako anateseka?" Nikasema na mengine ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi utakayoishika wewe.

Nasieku alingoja nimalize. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Dawa imekwenda na ng'ombe."

Lambo la karibu lilikuwa limekauka. Kesho yake baada ya mimi kuondoka, Toima alihama na mifugo kufuata maji, akitaraji kurudi upesi, na maji yakawa mbali kuliko alivyodhani. Kwa kuwa nilimwambia asimwachie mtu, aliifunga ile chupa kwenye pindo la shuka lake akaenda nayo. Dereva wangu alimfuata huko huko, wakarudi mchana. Toima akafungua fundo mbele yangu. Chupa alikuwa ameizungushia kipande cha ngozi isije ikavunjika.

"Iko salama, nesi," akasema. "Hakuna mtu ameshika."

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anangoja nimsifu, mama. Na mama yake analia hatua tatu kutoka pale tulipokuwa.

Nikampa bibi dawa, nikakaa mpaka mwili wake ukalegea na shuka likatoka mdomoni. Ndipo nikamkalisha Nasieku kwenye kile kigoda nilichokalia mimi siku ya kwanza. Kabla sijafungua mdomo, alilichukua bomba, akavuta, akalisimamisha sawasawa kwenye mstari wa tatu, akaligonga kwa kidole povu litoke. Nikamuuliza nani amemfundisha.

"Si wewe?" akasema. "Nilikuwa mlangoni na maji yako."

Nilimwomba radhi mbele ya majirani wale wale. Akaangalia chini, akacheka kidogo, akaniletea maziwa. Bibi Naishiye aliishi siku kumi na mbili nyingine. Alikuwa anakunywa uji, anamtania Toima kwamba ng'ombe wake hawakuumwa hata kichwa siku zote zile, maana dawa yote walikuwa nayo wao. Alifariki akiwa ameegemea kifua cha Nasieku, hakulia. Nilikuwepo.

Watu wa ofisini walinipongeza kwa mgonjwa aliyeondoka kwa utulivu. Mimi sikuweza kuzipokea hizo pongezi, kwa sababu toka siku ile ya fundo nilikuwa nawaza sanduku la baba. Maneno niliyomwambia Toima nilikuwa nimeshayasema kabla. Nilimwambia kaka Shabani kwenye simu, siku baba aliporudishwa nyumbani: "Ifungie sandukuni, ufunguo ukae na wewe, mtu asiiguse." Wiki iliyopita nikampigia Shabani nikamuuliza ufunguo ulikuwa wapi baba alipokuwa analia. Akaniambia kwamba alikuwa ameteremka Old Korogwe kuuza tangawizi, mvua ikakata njia, akakwama siku mbili na ufunguo ukiwa mfukoni mwake.

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Mama alinikataza. Alisema ukijua utaacha kazi, na wagonjwa wa watu watabaki na nani."

Mama, siku mbili ulikaa na baba na lile sanduku, ukiijua dawa iko ndani. Hukuvunja kufuli kwa sababu mimi nesi nilisema isiguswe. Halafu nikaja msibani. Nikakusimamia kichwani mbele ya shangazi Mwanahawa na wanawake wote waliokuwa wakichambua mchele, nikakuuliza kwa sauti, "Mama, dawa ilikuwemo ndani ya nyumba, mlimwachaje baba akalia siku mbili?" Ulikuwa na ungo mapajani. Ukainama ukaendelea kutoa mawe. Nami nikauchukua ukimya wako kuwa ni kukiri.

Najua shangazi hajaingia nyumbani kwako tangu siku ile. Najua anasema kwenye harusi za watu kwamba kaka yake alikufa kwa maumivu na dawa ipo. Niliyasikia hayo mapema, mama, na sikumnyamazisha. Nilikuwa nasema moyoni, ana haki. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuja na mizigo yake yote.

Basi nakuomba, na hili usinikatalie. Ukishaisoma barua hii, mpe Shabani. Mwambie amwite shangazi Mwanahawa, na wale waliokuwa kwenye mchele, aisome kwa sauti kuanzia mwanzo, asiruke hata pale panapomhusu yeye. Wewe usinitetee. Usiseme nilikuwa mbali, usiseme nilikuwa na uchungu wa baba. Kufiwa ulifiwa wewe pia, na hukumfokea mtu. Nimeomba likizo, wakinikubalia nitapanda kuja kuyarudia kwa mdomo wangu mbele yao, lakini sitaki uendelee kuubeba mzigo huu mpaka nifike.

Nisalimie Shabani, mwambie sina kinyongo naye, alifanya nilichomwambia, na hilo ndilo tatizo. Msalimie wifi yangu, mke wake, anayekuchotea maji. Mpe shikamoo mzee wa msikitini aliyemwosha baba. Na shangazi Mwanahawa, akishasikia yote, mpe shikamoo yangu, asipoipokea usimlazimishe.

Siku hizi nikifika kwenye nyumba naanza kwa kuuliza, "Nani anamgeuza mgonjwa? Nani anamlisha?" Huyo ndiye ninayekaa naye kwanza, hata kama yuko jikoni, hata kama wazee wanakunja uso. Watu wananiona nimekuwa mpole. Ni aibu tu, mama, imenitia adabu.

Nina neno moja limebaki. Siku Shabani alipokuwa anajiandaa kuteremka Korogwe, ulinipigia. Ukaniuliza, "Hidaya, na mimi nikibaki peke yangu nimpe kiasi gani?" Nami nikakujibu, "Mama, wewe pumzika, hayo mambo ni ya kitaalamu," nikakata simu.

Jibu lilikuwa hili: kwa baba, mpaka mstari wa pili, kila baada ya saa nne, ummiminie taratibu pembeni mwa mdomo huku umemwinua kichwa. Ni hayo tu. Ungeweza.

Mwanao aliyekukosea,
Hidaya