Bango Langu la Bei

Shoga, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Yule mzee wa kituo cha mafuta cha ng'ambo ya barabara, nilimshtaki mimi. Wiki nzima anauza petroli chini ya bei ya kununulia, wateja wangu wote wamehamia kwake, na sheria inakataza. Leo wakaguzi wamekuja wakamfungia pampu zote, mimi nimevuka nasimama pale natazama.

Hakubisha, shoga. Aliwaambia tu, "Mimi kila asubuhi naangalia bango la binti yangu pale, napunguza kidogo."

Ndivyo anavyoniita. Binti yangu.

Nikageuka kuangalia bango langu. Bei ya mwezi uliopita. Mafuta yalipopanda nilibadilisha bei kwenye pampu, bango nikalisahau. Wiki nzima.

Na sikusema kitu. Wakaguzi wamesimama pale pale, mimi nikavuka barabara kurudi kwangu.

Walipoondoka nikapanda ngazi kubadilisha tarakimu. Nikamwona mzee anavuka barabara, anakuja kwangu. Nikajua leo ndiyo leo.

Akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Taratibu, binti yangu, usije ukaanguka."