Mikroni za Jasper

Jumatatu, 12 Agosti

Fergus kaleta mashine yake bandani leo. Anazunguka mashamba yote ya Walcha akipima unene wa sufu. Kwa mikroni! Milimita moja uigawe mara elfu — kipande kimoja ndicho hicho. Nani alikaa akawaza kitu kama hiki? Nilimkodolea macho hadi chai ikapoa. Anaweka kishungi cha sufu kwenye kioo, namba inatokea.

Watoto wa Jasper: 15.9! Mwaka jana kundi letu lilikuwa 17.4. Na sufu nyembamba ndiyo yenye bei!

Jasper ni kondoo dume niliyemchagua mimi. Baba kamcheka tangu siku ya kwanza: "Huyo mbuzi wako." Nilishamwambia, Jasper asipofanya kitu mwaka huu nafungasha, naenda Sydney. Leo Baba kavua kofia mbele ya wakata sufu wote. "Haya, binti, nimesalimu amri. Kundi ni lako." Tena Meja, dume lake mpenzi, Alhamisi anakwenda machinjioni. Ukame huu, malisho ya madume wawili yatoke wapi?

Nina furaha jamani, sikaliki!

Jumatano, 14 Agosti

Udadisi wangu huu! Nilitaka tu kujua watoto wa Meja wana ngapi. Fergus akapima: 16.0. Eti! Majike wazee nao? Wameshuka vilevile. Sufu ya kondoo mzima inapunguaje unene?

Fergus akakivuta kishungi karibu na sikio langu, akakidonoa kwa kidole. Tap! Kikakatika katikati.

"Njaa hiyo, Tamsin. Majani hakuna, mwili unatoa uzi mwembamba. Jasper hahusiki."

Nikakata vingine, nikisikiliza. Njaa ina mlio! Ajabu kweli. Halafu nikaumia moyo. Maskini Meja. Nikamwomba Fergus aniachie nimwambie Baba mwenyewe. Akacheka.

"Merv, baba yako? Kazeekea kwenye sufu yule. Unadhani hajui?"

Sasa ile kofia aliivulia nini?

Alhamisi, 15 Agosti

Lori limefika. Naandika nimesimama, dirisha la jikoni. Jana usiku nilishindwa kumuuliza Baba. Baba kamshika Meja shingoni, anamkunakuna nyuma ya sikio. Dereva kashusha ubao, anauliza kama apakie.

"Usiniulize mimi," Baba anamjibu, kwa sauti ya kunifikia mimi huku ndani. "Muulize bosi. Kama hajafungasha kwenda Sydney."