Kuku ya mama mukwe

Jumatano, nyumbani kwa baba, Kindu

Mama mukwe alileta kuku leo, ya kuniomba musamaha kwa vile mutoto wake, bwana yangu, alinipiga. Tukiichinja, maana yake nimekubali kurudi kwake.

"Mama Zawadi, ni hasira tu," alisema. "Wanaume njo vile wako."

Mama yangu alikuwa ameshatia maji ya kunyonyolea kwenye moto. Halafu baba akanyanyua mukono afukuze inzi, na Zawadi wangu, hata shule hajaanza, akafunika kichwa kwa mikono miwili.

Naogopa. Bado namupenda baba yake, na pengine atabadilika...

Lakini kuku iko hai, nimeifunga nyuma ya nyumba. Kesho nitairudisha. Bwana yangu aje yeye mwenyewe, aombe musamaha mbele ya mutoto.