Ndege Asiyepata Taarifa ya Msiba

Ibaba, Ileje
14 Oktoba 2023

Dada Agnes mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini miguu imeacha kuvimba na hapo Chapwa, Tunduma, wote ni wazima. Mimi sijambo. Nakula, nalala kidogo, na asubuhi ukungu ukifika mlangoni naona kama nyumba inaelea.

Tangu tumzike mume wangu Jairo umenisihi nihamie kwako. Nilikubali, nikafunga hata vyombo. Sasa nikueleze yaliyonipata.

Juzi mlembe, yule ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye asali, alitua uani akilia kama mtu anayetikisa kiberiti. Ndivyo alivyokuwa akimwita Jairo. Dada, watu wote wa Ibaba walishapata taarifa ya msiba, isipokuwa yeye. Alirukaruka akiutazama mlango, kana kwamba Jairo anachelewa kuvaa viatu.

Nilitoka nimfukuze, nikajikuta nampigia mluzi wa marehemu, ule aliopitisha kwenye pengo la jino. Mimi sina pengo. Ukatoka upepo mtupu. Shemeji Yesaya alikuwa uani akipasua kuni. Alicheka, akasema kwa mluzi huo hata kuku wangu wasingekuja. Lakini ndege aliitika.

Tukamfuata msituni. Tukibaki nyuma alitungoja, tukikaribia aliruka mbele, mpaka sikujua kama natembea au naota. Alinyamaza juu ya gogo lenye nyuki. Yesaya akafukiza moshi, akakata masega, akataka tuondoke. Nikamwomba angoje. Niliweka kipande chenye nta na mabuu juu ya jani, kama Jairo alivyozoea, maana ndege hawezi kupasua gogo, na sisi tusingeliona peke yetu. Akashuka kula karibu kabisa na mguu wangu. Hapo nililia, dada, mara ya kwanza tangu mazishi. Yesaya alijifanya anazima moshi ambao ulishazimika.

Nisikufiche: vyombo nimevifungua. Siji Tunduma. Leo ndege amerudi, na safari hii hakuutazama mlango; alinitazama mimi. Usidhani nimeukataa upendo wako. Kwako ningekuwa mjane wa kuhurumiwa. Huku yupo anayenihitaji nitoke nje.

Wasalimie shemeji na watoto. Asali yenu ataileta Yesaya akija mjini.

Ukisali jioni, unitaje.

Mdogo wako,
Tusekile