Nyumba ya Bibi Juu ya Zizi la Zamani

Chicago, Marekani
Jumapili, baada ya ibada

Kwa mpwa wangu Magesa, fundi wa nyumba, Manyamanyama, Bunda,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa. Marahaba, mpwa. Habari za mkeo, na mgongo wa bibi yako unaendeleaje huko Bugwema? Mvua imeanza, au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima. Shingo imenenepa mpaka kola za mashati zinakataa. Baridi ya hapa mwaka huu ilikuwa ya kawaida, ila siku moja nilitoka nyumbani kwa dirisha la ghorofa ya pili, maana theluji ilikuwa imelala mpaka hapo. Upepo ukamchukua polisi na farasi wake. Mimi nilibaki nimesimama, wakaniuliza natoka nchi gani.

Barua hii nimempa muuguzi mmoja wa Tarime anayekuja likizo. Ataifikisha kwa mama yako pale anapouzia dagaa, Mwigobero, naye atakuletea Bunda. Naandika kwa sababu simu yako unaiwekaga spika, na hili sikutaka lisemwe kwenye spika. Bibi yako nilimpigia nikamwambia asihamie kwenye nyumba mpya mpaka barua ifike. Akadhani kuna zawadi ndani. Kwa hiyo kaa, soma mwenyewe kwanza.

Nikueleze habari ya mzee mmoja. Kwenye ukumbi wa jengo ninalofanyia kazi kuna picha yake kubwa, ana ndevu kama ufagio, na chini yake kibao cha shaba. Yeye ndiye aliyelijenga jengo hili, zamani za babu wa babu zako. Habari zake nimezipata kwa mzee Harlan, mtunza jengo, ambaye akianza kueleza hamalizi mpaka chai ipoe.

Mzee huyu alikuwa injinia, tena msanifu wa majengo. Alianzia chini kabisa, kubeba mnyororo wa kupimia reli. Ikaja vita, akapewa kazi ya madaraja. Wanajeshi wakishavuka daraja, analivunja mwenyewe, kesho anajenga lingine. Harlan anasema alikuwa analala kifudifudi, sikio chini, anasikiliza udongo. Ukinguruma hajengi. Mimi hapo naamini, maana hata mimi nilikuwaga nasikia mvua ya Ukerewe nikiwa Butiama.

Mji huu ulipoungua wote, akaja na begi moja. Ndipo akaanza kujenga majumba yenye mifupa ya chuma, ukuta umening'inizwa tu kama ngozi. Shida ikawa chini. Chicago hii, mpwa, imekaa juu ya udongo laini kama wa mbuga zetu ukinyeshewa. Ikabidi ayape majumba miguu mipana kama ya bata, yasizame.

Duka moja kubwa alilomjengea mtu likazama kona. Kidogo tu, kama upana wa kiganja. Mwenye duka akasema, "Piga plasta, Jumamosi tunafungua, wageni nimeshawaita." Injinia akakataa. Jumamosi hiyo akasimama mlangoni, wageni wamevaa, waandishi wa magazeti wapo, akawaambia, "Nilipima vibaya mimi. Msiingie." Basi. Akakosa kazi. Harlan anasema alijenga mabanda ya kuku, na kuku wenyewe walikuwa wanasita kuingia. Baadaye watu wakamrudia mmoja mmoja. Wakasema, huyu akikwambia ingia, unaingia. Majengo yake makubwa yote, na hili letu, aliyajenga baada ya hapo.

Nimefuta hicho kibao miaka tisa, Magesa. Hiyo habari ya mlangoni Harlan alinieleza mwezi uliopita, siku ileile uliyonitumia picha ya ufa wa nyumba ya bibi yako.

Umeona nimesema nimekifuta. Hapo ndipo penyewe. Mimi si injinia. Kazi yangu ni kupiga deki na kufuta shaba, na siku mwendesha lifti ya mizigo akiugua, naiendesha. Mara ya kwanza niliwaambia nipo na mainjinia, na nilikuwa nao kweli, wanapita nikiinua ndoo. Mkaanza wenyewe kuniita injinia. Sikukataa. Ile ramani ya nyumba niliichora mezani jikoni kwa rula ya kuazima.

Wewe ulitaka tujenge kule juu kwenye mwamba, bibi yako anapoanikaga mihogo. Nikakataa kwa sababu kule nyumba haionekani kutoka barabarani. Nikakuambia jenga kwenye zizi la zamani la baba, ng'ombe wamepakanyaga miaka yote, pamekuwa pagumu kama uwanja wa ndege. Ukaniambia, "Mjomba, hapa sululu inazama yenyewe. Chini ni samadi tupu, imeshaoza." Nami nikakujibu, "Fundi wa Bunda unamfundisha injinia wa Marekani?" Nikasikia watu wanacheka nyuma yako. Ukashika sululu, ukajenga.

Kuhusu ufa pia nilisema piga plasta, nyumba inajiweka sawa tu. Bibi yako akasema, "Mwanangu amesema, mbishane nini tena?" Sauti hiyo imenikaa masikioni. Chumba chake ndicho cha kona ile.

Sasa sikiliza. Usipige plasta. Funga mlango, mtu asiingie hata kuhifadhi mahindi. Shusha bati kabla mvua haijashika, toa mbao na fremu, bomoa kuanzia kona ya ufa. Matofali mazima utayatumia tena. Jenga juu kwenye mwamba, kwa vipimo vyako. Yangu ichane. Nyumba isipoonekana barabarani, mgeni ataulizia.

Mchungaji aliyealikwa kuibariki mwambie asubiri. Msimsingizie fundi, wala mvua.

Nisalimie mama yako, dada yangu Nyanjura, mwambie dagaa za Mwigobero nimewahadithia Wamarekani mpaka wanameza mate. Msalimie mdogo wangu Masatu na ng'ombe wake huko Butiama, na shangazi Nyamumwi anayeongoza kwaya. Mkeo mwambie nilikula ugali wa mwisho wa maana kwake.

Nilisema usome mwenyewe kwanza. Ukimaliza, panda pikipiki uende Bugwema, uwakalishe wote chini, umsomee bibi yako kwa sauti, na pale pa deki usiparuke. Kisha nipigie, uweke spika.

Mjomba wako,
Mafuru