Mke wa Kwenye Tamthilia

Jumanne, Nangwa

Ile tamthilia ya saa mbili siipendi hata kidogo. Watu wana majumba makubwa, na sijaona hata mmoja wao akifanya kazi. Wakigombana, kamera inamganda kila mtu usoni mpaka chai yako inapoa. Vichekesho vinavyofuata ndiyo bure kabisa. Kila siku ni kibarua mshamba anayechekwa suruali yake.

Lakini naiangalia kila jioni kwenye mgahawa wa Mama Safina, kwa sababu mke wangu Neema naye anaiangalia kwa jirani, kule kwetu Kasulu. Tangu nije huku kuvuna mahindi, tukipigiana simu tunazungumzia hiyo. Maongezi mengine yote yanaishia kwenye kuulizwa nitarudi lini, nami sijui.

Leo kwenye tamthilia, yule mke ambaye mume wake yuko mbali kikazi amefunga mizigo, akaondoka na fundi. Vibarua wenzangu wakapiga kelele. Paskali akanigeukia, "Kaka, shemeji yetu huko naye anajifunza?" Nikacheka nao.

Nilipompigia Neema, nilianza kumtukana yule mwanamke hata kabla ya salamu. Nikangoja anisaidie.

"Baba Joshua," akasema, "mimi namwelewa. Kusubiri kunachosha."

Shamba limebaki nusu, na bosi haruhusu mtu kuondoka kabla ya gunia la mwisho. Nilitaka kumwuliza yeye amechoka kiasi gani. Nikamwuliza kama huko mvua imenyesha, na huu ni wakati wa kiangazi.