Alama za Uongo Mlangoni

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na ukicheka, cheka ukishamaliza kusoma. Mimi ni seremala mzee, shule niliiacha darasa la nne kwa furaha ya mwalimu, na ni mfupi kiasi kwamba nikisimama nyuma ya benchi langu wateja huniuliza fundi yuko wapi, mwanangu naye kanifuata, ila alioa mwanamke mrefu nikashangilia kwamba sasa ukoo utafikia makabati ya juu. Mjukuu wangu wa kike, namwita mchumba, ana miaka tisa, na kila akitimiza mwaka namsimamisha kwenye fremu ya mlango wa karakana naweka alama ya penseli usawa wa kichwa chake. Alipotimiza minane penseli iligota palepale pa saba, akauliza, "Babu, nimekua?" nikaogopa, nikaipandisha kidole kimoja nikasema, "Punguza kasi, mchumba, utatoboa dari!" Mwaka huu nikapandisha vitatu. Gauni alilovaa juzi ni la miaka miwili, na bado linamtosha. Wiki iliyopita mwalimu wake alikuja kusema apelekwe kliniki, mkwe wangu, mama wa mtoto, akamvuta hadi kwenye alama za mlangoni, "Ya nini, mwalimu? Si huyu anapanda!" Mimi niko hapohapo na randa mkononi, nalainisha ubao uliokwisha kulainika. Silali. Naogopa ni damu yangu fupi, na nikisema kweli nitanyimwa mtoto.

Babu Penseli

Babu Penseli, nimecheka, kisha nikaogopa pamoja nawe. Kimo hurithiwa, tena kwa baba na mama, lakini mtoto wa ukoo mfupi huendelea kukua kila mwaka, kidogokidogo, mpaka aufikie ufupi wake. Wewe mwenyewe hukuzaliwa na kimo hicho! Aliyeacha kukua miaka miwili usimsingizie damu. Huenda kuna kitu mwilini kinamzuia, na vingine hutibika vikiwahiwa. Hilo ndilo la kuogopa, mzee mzima, si kufokewa. Leo, kabla hujashika msumeno, mwite mkweo mlangoni, umwonyeshe alama za kweli na za uongo. Usizifute, ziandikie tarehe, daktari atazihitaji. Akikufokea, fokewa. Kisha nendeni kliniki wote, nawe ukapimwe pamoja na mwanao, maana watauliza kimo cha ukoo. Ila penseli, safari hii, ashike mtu mwingine.